Usiache mbachao: Klabu za Eastlands zikihamia nje ya mji, uwanja wa mtaa utabaki na nani?

Kuna swali ambalo halipiti msimu Nairobi bila kuulizwa. Klabu kubwa kama Gor Mahia, ambazo hadi leo hazina uwanja hata mmoja wa kuuita wao, ziendelee kufanya mazoezi ndani ya mitaa ya Eastlands, au zitafute ardhi huko nje ya mji zikajenge kambi zao? Wanaotaka kuhama wana hoja nzito. Wanaokataa nao wana hoja nzito. Kinachonisikitisha ni kwamba mjadala huu huwa unaendeshwa kama ushabiki: wewe wa maendeleo, yule wa ukale. Basi leo hebu tulikalie jambo lenyewe kitako.

Najua kuna msomaji wa hapa Mombasa, Malindi au Lamu atakayeuliza: sisi watu wa Pwani, Gor Mahia na Jericho yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Kwanza, vijana wetu wapo huko. Kila mwaka kuna mtoto wa Likoni au Kisauni anayepanda basi kwenda kujaribu bahati yake katika klabu za Nairobi, na klabu ikihamisha kambi, kodi yake ya nyumba na nauli yake huhama nayo. Pili, swali hilo hilo liko mlangoni petu. Kisiwa cha Mombasa hakirefuki wala hakipanuki. Viwanja vyetu vya Tononoka, Makadara na Mbaraki vimezungukwa na majengo, na siku itafika mtu atasimama aseme mpira uende bara, huku katikati ya mji pafanywe shughuli nyingine. Ni vyema tujifunze kwa mwenzetu kabla hatujanyolewa sisi.

Mitaa iliyolelewa na mpira

Eastlands si mtaa mmoja. Ni upande mzima wa mashariki ya Nairobi, kuanzia Pumwani na Muthurwa, ukipita Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Maringo, Jericho, Jerusalem na Buruburu, hadi Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi na Mathare. Mengi ya majina haya ni Kiswahili kitupu, na Kaloleni ni jina tunalolijua vizuri kutoka Kilifi. Pumwani nayo, kwa mtu wa Pwani, ni kama nyumbani: kuna Majengo yake, kuna msikiti wake wa Riyadha, na kuna wazee ambao Kiswahili chao hakijachujuka licha ya kuishi Nairobi vizazi vitatu.

Nilisomea diploma yangu Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikapanga chumba upande huo. Jioni baada ya Alasiri, kama huna darasa na huna pesa, starehe ilikuwa moja tu: kutembea hadi uwanja wowote wenye mpira. Hulipi kitu. Unasimama pembeni, unamwona mchezaji uliyesoma habari zake gazetini juzi akifunga kamba za viatu vyake hatua tano kutoka ulipo. Watoto wamejaa kila upande, wanaokota mipira inayotoka nje na kuirudisha kwa mbwembwe ili kocha awaone. Ndipo nilipofahamu kwamba mazoezi ya klabu ni darasa la mtaa mzima, si kazi ya wachezaji 25 peke yao.

Na darasa hilo lina matokeo yanayoonekana. Victor Wanyama, aliyekuja kuifungia Celtic dhidi ya Barcelona mwaka 2012 na baadaye kuchezea Tottenham, alikulia Muthurwa na kusoma Kamukunji. Ndugu yake McDonald Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2010. Baba yao, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards. Dennis Oliech alipitia Mathare United kabla ya kwenda Qatar na Ufaransa. Hawa hawakutoka katika akademia za kifahari. Walitoka mahali ambapo mtoto hawezi kuamka asubuhi na kulala usiku bila kuuona mpira wa watu wazima.

Mathare United yenyewe ni somo. Ilizaliwa mwaka 1994 kutoka katika chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987. Huko MYSA, timu ya watoto ilikuwa ikipata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, sawa na inavyopata kwa kushinda mechi. Mwaka 2008 Mathare United ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Kariobangi Sharks nao walipanda ligi kuu wakiwa na jina la mtaa wao kifuani, na mwaka 2019 wakaishinda Everton ya Uingereza kwa mikwaju ya penalti pale Kasarani. Sisi wa Pwani tunawakumbuka Sharks kwa sababu nyingine pia: mwanzoni mwa mwaka huo huo waliinyima Bandari yetu kombe la SportPesa katika fainali kule Dar es Salaam.

Kuna pia mashindano ya mtaani. Koth Biro ya Ziwani imekuwa ikichezwa tangu miaka ya 1970, na Super 8 huwakusanya vijana wa mitaa mbalimbali katika viwanja kama Camp Toyoyo, Jericho. Camp Toyoyo ndiyo hasa kiini cha mjadala huu. Ni uwanja wa nyasi bandia, uko katikati ya makazi ya watu, na Gor Mahia imeutumia sana kwa mazoezi. Shabiki wa K'Ogalo anayeishi Kaloleni au Umoja anaweza kwenda kwa miguu au kwa matatu moja tu.

Hoja ya wanaotaka kuhama

Tuwe waadilifu. Mtu anayesema klabu ihame hasemi kwa chuki.

Kwanza, uwanja wa umma si wako. Asubuhi mnafanya mazoezi nyinyi, saa mbili baadaye kuna timu nyingine mlangoni, jioni kuna mechi ya mtaa, Jumamosi kuna mashindano ya shule. Kocha anayetaka kurudia zoezi la kona mara 30 hana nafasi hiyo, kwa sababu kuna kocha mwenzake anaangalia saa.

Pili, nyasi bandia. Zina faida yake, kwani mvua ikinyesha uwanja haugeuki tope. Lakini zikichakaa huwa ngumu, na juani hupata joto kali. Mchezaji anayezikimbilia kila siku atakwambia mwenyewe juu ya magoti na vifundo vyake.

Tatu, mashabiki. Yale yale ninayoyasifu mimi, kocha anayaona kama balaa. Timu ikipoteza mechi mbili, mazoezi hugeuka baraza. Kila mtu ana kikosi chake, kila mtu anajua nani hafai, na wengine husema kwa sauti mchezaji akisikia. Huwezi kuficha mbinu ya kumkabili mpinzani wakati watu mia mbili wamekuzunguka na simu zao.

Nne, kanuni. Masharti ya CAF ya kuzipa klabu leseni yanataka klabu iwe na mahali pa uhakika pa kufanyia mazoezi, pawe pake au pa mkataba wa maandishi. Klabu inayotangatanga leo hapa kesho pale inajiweka mashakani kila inapotaka kucheza barani.

Tano ni hesabu ya ardhi. Uwanja mmoja wa mpira wa mita 105 kwa 68 unakula mita za mraba 7,140, yaani karibu ekari moja na robo tatu, kabla hujaweka nafasi ya pembeni. Ukitaka viwanja viwili, vyumba vya kubadilishia nguo, hosteli ndogo na mahali pa kuegesha basi, huepuki ekari tano au sita. Ekari sita ndani ya Eastlands utazipata wapi, na kwa bei gani? Ndiyo maana macho huelekea Ruiru na Juja, au Kamulu na Joska kwenye barabara ya Kangundo, au Kitengela na Athi River. Nje ya mji ndiko ardhi iliko.

Dar es Salaam wamefanya, lakini wamefanyaje?

Mfano unaotajwa sana ni wa majirani zetu, na ni mfano mzuri kwa sababu wao ni watu kama sisi, wenye klabu za wanachama na mashabiki wenye midomo.

Simba walifungua viwanja vyao vya mazoezi Bunju mwaka 2019, kimoja cha nyasi asilia na kimoja cha nyasi bandia. Bunju ni mbali, huko juu kwenye barabara ya Bagamoyo. Yanga nao, ambao uwanja wao wa zamani wa Kaunda pale Jangwani umekuwa ukiteswa na mafuriko ya bonde la Msimbazi, waliweka kambi Avic Town, Kigamboni, ng'ambo ya bahari. Azam waliwatangulia wote kwa kujenga Chamazi, nje huko kupita Mbagala, uwanja wenye kila kitu.

Matokeo yake? Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Simba walifika fainali hiyo hiyo mwaka 2025, baada ya miaka kadhaa ya kuzoea robo fainali za Ligi ya Mabingwa. Azam walichukua ubingwa wa Tanzania msimu wa 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja. Mwenye kusema kwamba kambi nzuri ya nje ya mji haisaidii, basi hajaangalia mpira wa Bongo.

Lakini tuangalie kwa macho mawili. Simba walipokwenda Bunju hawakuifunga Msimbazi. Makao makuu ya klabu yamebaki pale pale Kariakoo, na Yanga wamebaki na Jangwani yao. Mwanachama akitaka kujua habari, kulipa ada au kugombana, anajua aende wapi. Matawi yako kila kata. Kilichohamishwa ni mazoezi ya timu ya kwanza, ilhali mizizi ya klabu haikuguswa. Azam, kwa upande mwingine, ambao walizaliwa wakiwa na kila kitu na kuweka maskani yao Chamazi, wana uwanja ambao Simba na Yanga waliuonea wivu miaka mingi, ila hadi leo hawana umati wa Simba na Yanga. Uwanja hununuliwa kwa pesa. Watu hawanunuliwi hivyo.

Jambo la pili ni pesa yenyewe. Simba walikuwa na tajiri wao Mohammed Dewji nyuma yao. Ligi ya Tanzania ilitia saini mwaka 2021 mkataba wa matangazo na Azam Media wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 za huko. Sasa linganisha na Nairobi. Mwaka 2019 SportPesa ilipojiondoa katika udhamini, Gor Mahia na AFC Leopards zilibaki kama mtu aliyevuliwa kanzu sokoni, na habari za wachezaji kudai mishahara zikawa za kawaida. Mwenye nguvu ya Simba akienda Bunju, anakwenda na basi lake, mpishi wake na daktari wake. Asiye na nguvu hiyo akienda Kamulu, anakwenda na nini?

Hesabu ya nauli

Hapa ndipo ninapoona mjadala unapita haraka mno. Tufanye hesabu ya dukani. Tuseme mchezaji anaishi Umoja au Kayole, na kambi iko kilomita 30 kutoka kwake, matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Tuseme nauli yote kwa siku ni shilingi 200, na hapo nimekuwa mpole. Wachezaji 25, siku tano kwa wiki, wiki nne: hiyo ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Kama klabu ina basi, itatoka katika mafuta na dereva. Kama haina, itatoka mfukoni mwa mchezaji ambaye pengine mshahara wa mwezi uliopita hajauona.

Kwa timu ya kwanza pengine jambo hilo litatafutiwa dawa. Wataumia zaidi vijana wa timu za umri mdogo. Mtoto wa miaka 16 anatoka shule saa kumi. Leo anatembea hadi uwanjani, anacheza, na Magharibi ikiadhiniwa yuko kwao. Kambi ikiwa Joska, mtoto huyo hawezi kufika kabla ya giza, na mzazi mwenye akili hatamruhusu. Atakayeweza kufika ni mtoto ambaye baba yake ana gari. Taratibu klabu itaanza kuchagua watoto kwa uwezo wa wazazi wao, bila kukaa kikao na kuamua hivyo.

Kuna pia mama wa chapati, kijana wa maji, muuza jezi na fundi wa viatu. Sisemi klabu ibaki Jericho kwa ajili ya biashara ya chapati. Nasema hao ndio macho ya uwanja. Kunapokuwa na watu kila siku, uwanja una usalama.

Uwanja usio na mwenyewe

Na hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Tukumbuke ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 juu ya ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria. Wakenya walishangaa kuona jinsi vipande vya umma, vikiwemo vya shule, barabara na michezo, vilivyoishia katika mikono ya watu binafsi. Kipande kinachonyakuliwa ni kile ambacho kimetulia, ambacho hakina mtu wa kupiga kelele asubuhi akiona mabati yamezungushwa.

Mitaa ya zamani ya Eastlands sasa iko katika mpango wa kujengwa upya. Nyumba za chini za enzi ya ukoloni zinabomolewa ili kupisha maghorofa. Nyumba mpya zinahitajika, hilo halina ubishi. Lakini kila mpango wa maghorofa huangalia nafasi tupu kwa jicho la njaa, na uwanja wa mpira, kwa mtu wa ujenzi, ni nafasi tupu tu. Kesho akija mtu na ramani, uwanja unaotumiwa na Gor Mahia una mashabiki maelfu wa kuutetea. Uwanja ulioachwa na Gor Mahia una nani? Watoto wa mtaa na wazee wachache.

Wenzetu wa Ulaya wanatupa mfano wa upande mwingine wa jambo hili. Real Madrid waliuza kambi yao ya zamani iliyokuwa ndani ya mji mwaka 2001, wakahamia Valdebebas mwaka 2005, na pale palipokuwa na viwanja vya mazoezi leo pamesimama minara mirefu. Liverpool nao mwaka 2020 waliondoka Melwood, ambako watoto walizoea kupanda mapipa ya taka ili wachungulie juu ya ukuta, wakaenda Kirkby. Lakini klabu hizo zilikuwa zinamiliki ardhi zilizokuwa zikiiacha. Madrid walilipa madeni yao kwa pesa za ardhi ile. Klabu ya Eastlands ikiondoka katika uwanja wa umma haiuzi chochote, haipati senti. Inaacha tu, na faida ya kuacha kwake ataichukua mwingine.

Sisi Pwani tunajua umbali unavyouma

Mwaka 2019 Bandari walishinda kombe la FKF kwa kuwafunga hao hao Kariobangi Sharks katika fainali, na wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Furaha iliyoje! Lakini mechi zao za nyumbani zikachezwa Kasarani, Nairobi, kwa sababu Mombasa haikuwa na uwanja unaokubalika. Uwanja wetu wa Manispaa ulikuwa umefungwa ufanyiwe ukarabati, na kazi ikakokota miaka na miaka. Shabiki wa Bandari akaitazama timu yake ikicheza "nyumbani" umbali wa kilomita 480 kutoka kwake. Waliokwenda ni wachache, na wengi wetu tulisikiliza redio.

Na tukirudi nyuma zaidi, mji huu ulitoa bingwa wa Kenya mwaka 1965, Feisal. Leo Feisal iko wapi? Iko katika midomo ya wazee. Waulize vijana wa Kingorani au Bondeni kama wanaijua. Klabu hufa kwa sababu nyingi, lakini dalili mojawapo ya kifo ni pale mtoto wa mtaa anapokuwa hajui timu yake inafanyia wapi mazoezi.

Juzi juzi hapa, katika mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, Kenya ilikuwa mwenyeji na mechi zote zilizochezwa nchini zilikuwa Nairobi. Pwani yote, kuanzia Vanga hadi Kiunga, haikupata hata moja. Serikali ikiamua kwamba mpira uko mahali fulani, pesa za barabara, taa na nyasi huenda huko. Klabu nazo zikijiamulia kuondoka katika mitaa yao, zinaipa serikali sababu ya kuisahau mitaa hiyo.

Rai yangu

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Simpingi mtu anayetaka kambi bora. Napinga kuhama kwa pupa, kwa ahadi ya mwanasiasa au kwa kipande cha ardhi ambacho hati yake bado haijaonekana. Kama ningekuwa na kadi ya uanachama wa klabu hizi, ningesimama katika mkutano mkuu na kudai mambo manne.

La kwanza, hati. Ardhi ya kambi isajiliwe kwa jina la klabu au wakfu wa klabu, si kwa jina la mwenyekiti wala kampuni ya rafiki yake. Sisi Waislamu tunajua wakfu ni nini na kwa nini wazee wetu waliufunga kwa masharti makali: mali ya wengi haiachwi katika mikono ya mmoja. Hati ionekane kwanza, ndipo wachezaji wahamishwe.

La pili, timu za vijana zibaki Eastlands. Timu ya kwanza ikienda Ruiru, sawa, watu wazima wana basi. Watoto wabaki Jericho, Kariobangi na Mathare, na makocha wawafuate huko. Gharama ya kumsafirisha kocha mmoja ni ndogo kuliko ya kusafirisha watoto 40.

La tatu, angalau siku moja kwa wiki timu ya kwanza irudi mtaani, mazoezi ya wazi, kila mtu aje aone. Kocha atakuwa na siku nyingine za kuficha mbinu zake. Ofisi ya klabu nayo isiondoke mjini.

La nne, na hili ni la klabu na kaunti pamoja: kabla ya klabu kuondoka katika uwanja wowote, uwanja huo upimwe, uwekewe mipaka na usajiliwe kuwa ardhi ya umma ya michezo. Katiba ya 2010 inasema ardhi ya aina hiyo hushikiliwa na kaunti kwa amana ya wakaazi wake. Amana ni neno zito. Lisibaki kwenye karatasi.

Na kama klabu haina uwezo wa kutimiza haya, basi jibu liko karibu zaidi kuliko Kamulu. Iingie mkataba wa maandishi na kaunti wa miaka kadhaa juu ya uwanja inaoutumia sasa, wenye saa zake zinazojulikana. Pesa ambazo zingeliwa na nauli na kodi ziwekwe katika kubadilisha nyasi zilizochakaa, vyumba vya kubadilishia nguo na taa za jioni. Sharti la CAF litatimia, kocha atapata saa zake, na mtaa utabaki na timu yake. Si jambo la kupigwa picha na viongozi wakiwa na majembe, lakini linawezekana mwaka huu, kwa pesa ilyopo.

Nasi huku Pwani tusikae kama watazamaji. Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti na mipango ya ardhi, vikao hivyo huwa vitupu, au hujazwa na watu waliolipiwa nauli. Twendeni. Tuulize Tononoka imesajiliwa kwa jina la nani, Makadara mipaka yake iko wapi, uwanja wa Manispaa utamalizika lini na nani atapewa funguo. Tuulize sasa, wakati ambapo bado kuna watoto wanaocheza pale na mtu wa kushuhudia kwamba ni uwanja.